Karafuu ambayo hakuna aliyeitia

Jumamosi. Mvua ya hapa Glasgow imenyesha tangu asubuhi, rasharasha isiyo na haraka, basi nikajifungia ndani na chupa niliyopewa na jirani: wiski ya Skotlandi iitwayo Spice Tree, ya kampuni ya Compass Box. Nikamimina kidogo tu, ya kufunika kitako cha glasi.

Nilipoisogeza puani nikaduwaa. Karafuu! Ile ile ya jamvini uani kwa bibi, Muheza, siku ya tatu ya kuanikwa, vikonyo vimeshakuwa vya kahawia na mkono ukivishika unanuka mpaka kesho yake. Nyuma yake ikaja mdalasini, halafu tangawizi kavu.

Nikageuza chupa nione wametia viungo gani. Hawajatia. Sheria ya Skotlandi haiwaruhusu: wiski ni nafaka, maji na hamira, kisha ikae kwenye pipa la mwaloni miaka isiyopungua 3. Kumbe karafuu inatoka kwenye pipa. Mbao za mwaloni zikibabuliwa kwa moto hutoa eujenoli, kitu kile kile kinachobeba harufu ya mafuta ya karafuu. Ndicho kilichonitia ganzi bibi aliponibandika karafuu iliyopondwa kwenye jino bovu, huku nalia.

Na mbao hizo zina kesi yake. John Glaser, Mmarekani aliyeanzisha Compass Box mwaka 2000, aliitoa wiski hii mara ya kwanza mwaka 2005, akiwa ametumbukiza vipande vya mwaloni mpya wa Kifaransa ndani ya mapipa. Chama cha wenye viwanda, Scotch Whisky Association, kikasema huo si utaratibu wa jadi, kikatishia kwenda mahakamani. Akaiondoa sokoni. Mwaka 2009 akarudi nayo: safari hii mwaloni ule ule wa Kifaransa kaufanya vifuniko vya pipa, huku na huku. Wakanyamaza. Yaani mti ukiutia ndani ni haramu, ukiufanya kifuniko ni halali! Nimecheka peke yangu.

Humo ni kimea cha shayiri kitupu, kutoka viwanda zaidi ya kimoja, ila sehemu kubwa ni ya kiwanda cha Clynelish, kule Brora, pwani ya mashariki, kaskazini mwa Skotlandi. Nguvu yake ni 46%, kwa hiyo funda la kwanza liliniwasha ulimi kama pilipili manga iliyotafunwa nzima. Nikatia maji, matone matatu kwa kijiko. Karafuu ikarudi nyuma, ikajitokeza asali, na kitu kama nta ya nyuki kinachoteleza kwenye meno. Hapo ndipo nilipoipenda. Mwishoni, lakini, mti unazidi: uchungu wa chai iliyosahaulika jikoni. Mimi ningewapunguzia moto.

Nikampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamuuliza habari za karafuu. Akasema mvua imewavuruga, jua la kuanikia halipatikani, wanazigeuzageuza sebuleni. Kisha akauliza mbona leo sauti yangu imechangamka hivyo. Shangazi ni wa Umoja wa Akina Mama kanisani.

"Nina mafua," nikamwambia, "nimekunywa kitu cha karafuu."

"Haya. Ongeza na tangawizi."