Mzee na ukuta wa Dogo

Wiki hii barua yangu ya uhamisho wa Himo imetoka na posa ya Anita imejibiwa, ila kichwani nina maneno ya mzee tu na hayatoki.

Jumamosi tulienda Arusha kuona kile kitu cha Dogo, ndo zile waya alizokuwa anapigia lehemu mezani kwangu. Ukumbi giza totoro, ukuta mzima mikanda ya LED. Ukiongea maiki inadaka, sauti nzito inawaka nyekundu, nyembamba nyeupe, ukipita sensa, kile kidude kinachohisi mtu akisogea, inakuona taa zinakufuata. Watoto walipiga makelele mpaka nikaogopa tutafukuzwa. Mzee akapewa kiti, akakaa na fimbo yake, kimya, si mnamjua. Watoto walipotoka kufuata soda, ukuta ukazima.

"Kwa hiyo mimi sipo?"

Dogo akacheka. "Upo baba, ila hiyo sensa haimjui mtu, inajua joto linalosogea. Ukitulia inakusahau. Sogeza mkono basi."

"Nisogeze mkono ndo nionekane."

Wala hakuuliza, kasema tu. Naosha vyombo nayasikia, nahesabu chenji nayasikia. Toka mama atangulie mzee anakula, ananyanyuka, sisi tunabishana mpira.

Dogo anajitetea eti kaiga kwa Mmarekani, Robert Rauschenberg, mwaka 1968 alitengeneza Soundings na mainjinia, kioo kikubwa, ukinyamaza unajiona mwenyewe, ukipaza sauti taa zinawaka kwa nyuma unaona picha za viti. Viti! Nikamwambia sasa huyo angalau aliwaza watu watakaa.

Afu tunaondoka, mzee akatoa funguo mfukoni, lile rundo lake ambalo kufuli zingine hata hazipo tena, akalitikisa. Ukuta wote mweupe peee, nikaona mpaka mvi za kidevuni. Akatikisa tena. Akacheka kile kicheko chake cha puani ambacho nilishakisahau jamani. Kwenye Kosta mpaka Boma Ng'ombe anazichezea tu, konda akamuuliza mzee unafungua nini, akajibu, "Ukuta."

Jana kamuuliza Dogo hiyo maiki bei gani, anataka afunge bandani, ng'ombe akilia usiku taa iwake. Dogo kaanza kupiga hesabu kabisa!

Ila jiko la gesi limeanza kunuka tena pale kwenye mpira, fundi hapokei simu, na Anita kashabandika maharage.