Tui lilikuwa likinikatikia kila nikipika samaki wa nazi

Nikionja kitu kizuri mgahawani situlii mpaka nikipike nyumbani. Hapa Tanga nilikula changu wa nazi kule Raskazone, mchuzi mzito, laini, umemganda samaki. Nikajaribu nyumbani Ngamiani mara tatu, na mara zote tui likakatika: mafuta juu, chini maji yenye chengachenga nyeupe.

Nilidhani nazi mbovu. Nikabadilisha muuzaji, wapi! Ikabidi nimwite bibi jirani. "Shikamoo bibi, hebu nitazame ninavyopika." Akatulia kimya mpaka nilipomimina tui zito, nikakamulia ndimu hapo hapo, moto unawaka kwa nguvu. "Basi mwanangu, umeshaliharibu."

Kumbe makosa yalikuwa mawili, moto na uchachu. Sasa nakaanga kitunguu na nyanya mpaka nyanya zikauke kabisa, natia bizari, kisha tui jepesi la mkamuo wa pili. Likichemka, namweka samaki niliyekwisha kumkaanga. Tui zito huja mwisho, na kabla ya kulitia napunguza makaa hadi yabaki machache. Hapo siondoki jikoni hata nikiitwa: nachota kwa upawa, narudisha, nachota, narudisha, mpaka mapovu madogo yaanze pembeni mwa sufuria. Sifuniki. Naepua, ndipo nakamua ndimu.

Ijumaa iliyopita mchuzi ulitoka mweupe wa manjano, mzito, hauna hata chenga moja. Bakuli la kwanza nilimpelekea bibi.