Wiki ya Kumi na Tatu

Jumapili, usiku

Kesho Jumatatu, siku ambayo nusu ya dunia huanza kujinyima. Usiku huu kuna watu wanamalizia kila kilichobaki kwenye friji kama wasafiri wa jangwani, kwa sababu asubuhi wataamkia juisi ya kijani, au mayai na maji matupu, au supu ya kabichi kwa siku saba mfululizo. Sina nia ya kuwacheka. Milo mikali inavutia kwa sababu ya kweli kabisa: mizani hushuka. Siku ya tano mtu kapungua kilo tatu, na hakuna mtaalamu anayeweza kubishana na tarakimu ambayo mtu kaiona mwenyewe, amesimama peku juu ya mizani.

Basi tuzitazame hizo kilo tatu.

Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, akiba iitwayo glikojeni. Kwa mtu mzima ni kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukikata wanga ghafla au ukiacha kula, sehemu kubwa ya akiba hiyo huisha ndani ya siku chache na maji yake huondoka nayo. Hapo tayari karibu kilo mbili. Insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, nayo ikishuka, figo hutoa chumvi zaidi, na chumvi haitoki bila maji. Ongeza utumbo uliobaki mtupu. Mafuta yenyewe? Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba takriban kalori 7,700. Mtu anayetumia kalori 2,000 kwa siku, hata asipotia chochote kinywani wiki nzima, atakuwa ametumia 14,000. Hizo hazifiki kilo mbili za mafuta, tena kama mwili ungekubali kuchoma mafuta peke yake, na haukubali. Anayeahidi kilo saba kwa siku saba anauza maji.

Jumamosi mtu huyo akirudia wali na chakula chake cha kawaida, akiba inajazwa upya, maji yanarudi, kilo mbili zimerejea kabla ya Jumatatu. Hapo ndipo utasikia: "Mimi hata nikinywa maji nanenepa." Kwa siku mbili zile, anachosema ni sahihi kuliko anavyodhani.

Hasara kubwa zaidi haionekani kwenye mizani. Mwili hauna ghala la protini lililokaa bure. Ghala lake ni misuli inayofanya kazi. Mtu anapopunguza uzito kwa mlo peke yake, kwa kawaida kama robo ya kinachopotea si mafuta. Mlo ukiwa mkali, protini ikiwa kidogo na mwili haufanyi kazi ya nguvu, sehemu hiyo hukua. Juisi za "kusafisha sumu" ni mfano mbaya kuliko yote, maana zinampa mtu sukari ya matunda na protini kiduchu, huku kazi ya kuondoa sumu ikiendelea kufanywa na ini na figo, kama ilivyofanywa wiki iliyopita.

Kila nikilifikiria suala hili narudi kwenye jaribio lililofanyika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kuanzia mwishoni mwa 1944. Ancel Keys na wenzake waliwachukua vijana 36 wenye afya, waliojitolea, wakawalisha takriban kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24, huku wakitembea kilomita 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini kinachonishika si uzito. Ni kwamba walianza kusoma vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kuota chakula, kuhisi baridi kiangazi, kukasirikia watu bure. Jaribio lilipoisha wengine walikula maelfu ya kalori kwa siku na bado wakasema hawajashiba. Mafuta yalirudi haraka kuliko misuli. Sasa rudi utazame milo inayosambazwa kwenye simu leo: kalori 800, kalori 1,000. Vijana wale walikuwa wanakula zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mtu anapoamka saa saba usiku kula mkate jikoni gizani, baada ya siku kumi na moja za nidhamu ya chuma, tusikimbilie kumwita mlegevu. Leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta na kuuambia ubongo kuwa akiba ipo, hushuka haraka sana chakula kinapokatwa, haraka kuliko mafuta yenyewe yanavyopungua. Grelini, ya njaa, hupanda. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2011 ulikuta homoni za njaa na shibe hazijarudi mahali pake hata mwaka mmoja baada ya watu kumaliza wiki kumi za mlo mkali. Na washindani 14 wa mashindano ya televisheni ya Marekani ya kupunguza uzito, waliopimwa tena miaka sita baadaye, walikuwa wamerudisha wastani wa kilo 41 kati ya 58 walizopunguza, na miili yao ikiwa imepumzika ilitumia kalori kama 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao.

Kuna na hatari za moja kwa moja, nazo nitazitaja bila kuzirefusha. Nyongo isipoitwa kazini, kwa kuwa chakula hakina mafuta, hukaa kwenye kifuko chake na kuganda. Wakati huohuo mafuta yanayoyeyuka mwilini yanaimwagia kolesteroli. Matokeo yake ni mawe, na hatari hupanda pale mtu anapopungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki. Maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu baada ya kula si ya kuvumilia nyumbani. Aliyekaa zaidi ya siku tano karibu bila kula chochote naye asifungue kwa karamu: insulini inapopanda ghafla huvuta madini ya fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, na moyo unaweza kuyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1970, makumi ya watu walikufa Marekani wakiwa kwenye mlo wa protini ya kunywa iliyotengenezwa kwa kolajeni, protini ya ngozi na mifupa ya wanyama, wengi wao kwa mapigo ya moyo kuvurugika.

Baada ya yote hayo ungetegemea niitaje methali ya haraka haraka haina baraka. Hutajwa sana hapa, nami naona hutajwa mahali pasipo pake.

Australia hiyohiyo, 2014, watafiti waliwagawa watu 200: wengine wapungue kwa wiki 12, wengine kwa wiki 36. Kati ya wenye haraka, asilimia 81 walifikia lengo. Kati ya wapole, asilimia 50. Miaka karibu mitatu baadaye, waliofikia lengo katika makundi yote mawili walikuwa wamerudisha takriban asilimia 71 ya uzito uliopotea. Sawasawa. Uingereza nako, utafiti wa DiRECT uliwapa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, na baada ya mwaka karibu nusu yao, asilimia 46, walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Mlo ule ulikuwa mkali kweli. Ila ulikuwa na protini na madini yaliyopimwa, dawa za kisukari na za presha zilisimamishwa siku ya kwanza chini ya macho ya wahudumu wa afya, na chakula cha kawaida kilirudishwa kidogokidogo kwa wiki kadhaa huku mtu akifuatiliwa. Mlo wa kwenye simu unaiga ile kalori 800 tu. Vingine vyote hauna.

Ndiyo maana swali ninaloliona la maana si kasi. Ni hili: mlo wa wiki 12 ukiisha, wiki ya kumi na tatu unakula nini? Supu ya kabichi haina jibu. Njia ya polepole nayo haina uchawi wowote, isipokuwa kwamba inakulazimisha ulijibu swali hilo tangu siku ya kwanza, kwa sababu unachokula wiki ya pili kinafanana sana na utakachokula mwakani.

Hesabu yake ni hii. Chukua uzito kwa kilo mara 10, ongeza urefu kwa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5. Mwanamke atoe tena 161, mwanamume aongeze 5. Mwanamke wa kilo 82, sentimita 162, miaka 38, anapata takriban 1,480: hizo ni kalori za kulala na kupumua. Akiwa na shughuli nyepesi azidishe kwa 1.375, anafika kama 2,040. Akitoa 500, anabaki na 1,540 za kula kwa siku. Kwenye karatasi hiyo ni nusu kilo kwa wiki. Kwa kweli itakuwa pungufu kadiri miezi inavyokwenda, na nitaeleza kwa nini. Kushuka chini ya 1,200 kwa mwanamke au 1,500 kwa mwanamume bila daktari sikushauri.

Protini ndiyo ya kupangwa kwanza, mengine yafuate. Gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito unaoulenga. Kwa mwanamke wetu anayelenga kilo 70 ni angalau gramu 84, yaani 28 kila mlo akila mara tatu. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, gramu 100 za kidari cha kuku kilichopikwa kama 30. Kosa la kawaida ni kifungua kinywa cha chai na mkate, protini zote zikasubiri usiku. Saa kumi jioni njaa inakuwa imeshika usukani. Kisha mazoezi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki, hata kuchuchumaa na kusimama, kupiga pushapu na kubeba ndoo, ili mwili uone misuli ina kazi. Kutembea ni kuzuri kwa moyo na kwa akili, lakini saa nzima ya kutembea hufutwa na soda na andazi, kwa hiyo usijilipe chakula kwa jasho.

Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko. Hapa ndipo hesabu za wengi hufa. Kijiko kimoja kikubwa kina gramu 14, kalori kama 120. Mkono unaomimina kutoka kwenye chupa humwaga vijiko vitatu na kuapa ni kimoja. Wanaofuata ni vinywaji vyenye sukari, kuonja wakati wa kupika, na makombo ya watoto. Halafu wikendi: ukipunguza 500 kwa siku tano umeokoa 2,500, ukizidisha 1,000 Jumamosi na 1,000 Jumapili umebaki na 500 kwa wiki nzima. Mtu huyo atakuambia anajinyima sana na hapungui, na yote mawili ni kweli.

Pima uzito asubuhi, baada ya choo, kabla ya kunywa chochote, kisha tazama wastani wa siku saba. Tarakimu ya siku moja ni umbea: chumvi ya jana, hedhi inayokaribia, usingizi mbaya, misuli iliyovimba baada ya mazoezi, vyote vinaweza kupandisha kilo moja bila gramu ya mafuta. Kiuno kipimwe kila wiki mbili, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Mara nyingi utepe husogea wakati mizani imegoma.

Na itagoma. Mwanamke wetu akifika kilo 75, hesabu ileile inatoa matumizi ya kama 1,940, si 2,040, kabla hata ya kuhesabu ubanaji wa ziada ambao mwili hufanya. Pengo la 500 limekuwa 400 bila yeye kubadili chochote. Wastani usiposogea kwa wiki nne (nne, si siku nne), kagua kwanza vipimo vya jikoni, kisha kokotoa upya. Kupungua asilimia 5 hadi 10 kwa miezi sita ni kazi nzuri. Kwa huyu ni kilo 4 hadi 8, na presha na sukari huanza kunufaika hapohapo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002, watu waliokuwa na dalili za kuelekea kisukari walilengeshwa kupunguza asilimia 7 tu na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na uwezekano wao wa kupata ugonjwa ulipungua kwa asilimia 58.

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, aliyewahi kusumbuliwa na tatizo la kula, na anayetumia insulini au dawa za presha, hawa waanzie kwa daktari. Dozi iliyokuwa sahihi kwa kilo 95 inaweza kumwangusha mtu mwenye kilo 85.

Ikifika wiki ya kumi na tatu, au ya ishirini na sita, kwa kadiri ya mpango, chakula hakirudishwi kwa mkupuo. Ongeza kalori 100 hadi 150 kwa siku, kaa hapo wiki nzima, ongeza tena, hadi wastani usimame. Kilo moja itarudi siku za mwanzo. Ni glikojeni na maji yake, wale wageni wa wiki ya kwanza. Weka mpaka wa kilo mbili juu ya ulipofikia, na wastani ukiuvuka, rudi kwenye kijiko cha mafuta na ile hesabu ya 500 kwa wiki tatu au nne. Mizani ibaki bafuni.