Kidude cha baharini kilichonifanya niache simu ya mtu mezani

Mbukwenyi wadau. Najua mtashangaa, mtu anakaa Dodoma, bahari yenyewe mpaka apande basi aifuate Dar, af anakuja kuandika mambo ya chini ya maji. Mi ni fundi simu hapa Majengo, siku nzima nashinda na betri zilizovimba, sasa nilipokutana na habari ya chombo kinachokaa baharini miezi kadhaa kwa betri zake tu nikaacha kazi ya mtu mezani nikasoma mpaka mwisho (we mwenye ile Tecno nisamehe, sababu ndo hii).

Kinaitwa glaida. Kimekaa kama kombora, kirefu kumzidi mtu mzima kidogo tu, kina mabawa mawili na hakina propela. Sasa kinaendaje? Hapo ndo palipong'oa moyo wangu. Ndani kuna mafuta, na kuna kibofu cha mpira kinachogusana na maji ya nje. Pampu ikisukuma mafuta kwenye kibofu chombo kinatanuka ila uzito uleule, basi kinapanda, mafuta yakirudi ndani kinasinyaa, kinazama. Na kwa kuwa kina mabawa hakizami wima, kinateleza kwenda mbele kama mwewe akishuka bila kupiga bawa. Kuinamisha pua nako ni ujanja mtupu, wanasogeza betri zenyewe! Zikienda mbele pua inainama, zikirudi nyuma inainuka. Aliyewaza hivyo nampa tano.

Kuna zinazozama hadi mita 1,000. Dodoma mjini tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo chukua kimo chetu chote ukigeuze chini, ndo safari yake hiyo, kushuka na kupanda inakula masaa kama sita. Njiani kinapima joto na chumvi ya maji. Kikiibuka kinapiga simu kwa setilaiti, kinatuma data, kinapewa maelekezo, kinazama tena. Mwendo wake ni kama kilomita moja kwa saa, mbuzi anayerudi zizini anakiacha mbali. Lakini huo upole ndo unaotunza chaji, maana pampu inafanya kazi kidogo tu kule chini na kule juu. Mwaka 2009 kimoja cha Chuo Kikuu cha Rutgers kilitoka New Jersey, Marekani, kikaenda kuibukia Hispania baada ya siku 221. Polepole hivyohivyo, Atlantiki nzima!

Nikamsimulia baba mdogo wa Chamwino, akacheka, "We mwanangu, hicho chuma cha baharini na uwele wangu wapi na wapi?" Msimu mmoja alipanda mvua ya kwanza tu iliponyesha, af jua likawaka wiki kadhaa, mbegu zote zikaungua, kwa hiyo habari za utabiri humwambii kitu.

Nikamwambia baba, mvuke wa mvua zetu mwingi unatoka Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya kule Indonesia, Afrika Mashariki inanyeshewa kwelikweli, si unakumbuka mwisho wa 2019 ilivyokuwa? Setilaiti inaona ngozi ya bahari tu, haijui joto limeshuka mita ngapi. Na joto la juu juu upepo ukikoroga maji linapotea, ila likiwa limeenda chini linakaa. Sasa lazima kitu kizame kikapime, na meli ya utafiti huwezi kuiacha huko mwaka mzima, mafuta na mishahara ya watu nani analipa.

Akanyamaza kidogo. Af akasema msimu huu mbegu atazigawa, nusu mvua ya kwanza, nusu atasubiri mpaka Januari aone. Akaniuliza kama lile tochi lake la chaji nishalitengeneza. Bado.