Banda la fisi linaloangalia magharibi

Jumamosi ile mama yangu alisimama mbele ya banda la fisi karibu nusu saa, hataki kuondoka, kwa sababu kivuli chake kilikuwa kimemwangukia yule mnyama.

Ngoja nieleze vizuri. Ilikuwa mwezi wa kumi, ule mwezi ambao Dodoma nzima inasubiri mvua na angani hakuna hata wingu la kudanganyia. Tulikuwa watatu: mama, aliyekuja kutoka Bahi kupimwa macho, binti yangu Neema wa darasa la nne, na mimi. Mwalimu wa Neema aliwaambia waandike insha kuhusu mnyamapori waliyemwona kwa macho yao, na Neema hajawahi kumwona hata mmoja zaidi ya tumbili wa mlimani. Ndiyo tukaenda kwenye bustani moja ya wanyama, nje kidogo ya mji. Jina nitaliacha. Sina nia ya kumwaibisha mtu, na wenyewe walinisikiliza, kama nitakavyosimulia.

Getini pamechorwa tembo mkubwa, mkonga juu. Ndani tembo hayupo. Mama akamshika Neema mkono akamwambia, "Huyo ndiye aliyetupa jina." Akamsimulia ile habari ambayo kila mtoto wa Kigogo ameisikia: tembo alikuja kunywa maji kijitoni, akanasa kwenye matope, akazama, watu wakapaita *idodomya*, mahali alipodidimia. Neema akauliza kama kuna mtu aliyejaribu kumtoa. Mama akasema hiyo hakusimuliwa.

Mimi ni fundi ujenzi, mwaka wa 19 sasa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016 sijakaa mwezi bila saiti: Ilazo, Kisasa, Nzuguni, hadi Mtumba. Kwa hiyo nikiingia mahali, macho yanaanza na jengo kabla ya kufika kwa aliyemo. Pale mbele ya fisi niliona kwanza sakafu. Zege safi, limepigwa simenti laini, limepewa mteremko vizuri kuelekea mbele ili maji ya kuoshea yatoke. Aliyelipiga anajua kazi. Bati lipo nyuma, limefunika kama theluthi ya banda. Pembeni kuna chumba kidogo cha tofali chenye mlango wa chuma. Na banda zima, hatua saba kwa tano, linaangalia magharibi.

Hapo moyo ukanilipuka. Kwa nyumba ya mtu, hapa Dodoma, huwezi kugeuza sebule magharibi bila kuweka baraza pana au kupanda miti. Mteja wa kwanza niliyemjengea peke yangu alining'ang'ania chumba masta kiangalie magharibi, nikamkubalia kwa woga wa kukosa kazi, na mpaka leo halali humo kabla ya saa nne usiku, kuta zinachemka. Bati linazuia jua la saa saba. La saa kumi linaingia kwa chini, linapiga sakafu mpaka ukuta wa nyuma, na zege likishashika moto halipoi kabla ya usiku. Upepo wetu nao, sehemu kubwa ya mwaka, unatoka mashariki, ambako kuna ukuta mzima usio na tundu.

Yule fisi alikuwa anatembea. Hatua saba kando ya wavu, anageuka, anarudi. Akifika kwenye kona bega lake la kushoto linagusa bomba la chuma, kila safari, mahali palepale. Mabomba yote yamepakwa rangi ya kijani, lakini lile la kona, kwenye kimo cha bega, rangi haipo kabisa. Chuma kimebaki kitupu, kinang'aa kama mpini wa jembe lililorithiwa. Nilisogea nikaona na nywele mbili tatu zimenasa kwenye kichwa cha nati. Chini, kwenye simenti, kuna mstari wa weusi-weusi upana wa kiganja, umenyooka utadhani umepigwa kwa kamba ya fundi. Neema alianza kuhesabu mizunguko. Alipofika 40 akanyamaza.

Baadaye fisi akalala, si chini ya bati, bali karibu na wavu, upande wetu. Mama akasogea pembeni kidogo kuchukua chupa ya maji kwenye mkoba wangu. Fisi akanyanyuka, akasogea, akalala tena. Mama akarudi alipokuwa. Fisi naye akarudi.

"Baba Neema, umeona?" mama akaniuliza taratibu. "Ananifuata mimi."

Nilitazama chini ndipo nikaelewa. Jua lilikuwa mgongoni kwetu, vivuli vyetu vilipita kizuizi vikaingia ndani ya banda, na cha mama, kwa sababu ya khanga, ndicho kilikuwa kipana kuliko vyote. Mama akaishika khanga kwa mikono miwili akaitanua. Kivuli kikamfunika fisi kuanzia kichwani mpaka kiunoni. Akafumba macho.

Lazima mjue kwamba mama yangu hampendi fisi. Hakuna Mgogo wa umri wake anayempenda. Alikulia kwenye tembe, na tembe ni nyumba iliyojengwa kwa kumfikiria fisi: vyumba vimezunguka ua, paa la udongo juu ya miti, ng'ombe na mbuzi wanalala katikati, mlango mmoja. Anasimulia usiku ambao fisi alifukua chini ya ukuta akachukua mbuzi mwenye mimba. Lakini siku ile alisimama pale ametanua khanga mpaka mikono ikamtetemeka, na nilipomwambia twende, akajibu, "Mwache alale kwanza."

Kijana anayewahudumia wanyama akaja, akamwamkia. Mama akaitikia marahaba, na kabla kijana hajasema neno la pili akamwuliza, "Mwanangu, ule mlango wa chuma ni wa nini?"

"Ni chumba chake cha kulala, mama."

"Mbona una kufuli?"

Kijana akasema wanamfungulia saa kumi na mbili jioni. Mchana wakiacha wazi anaingia ndani, hatoki, na watu wamelipa kiingilio elfu tano. Wanakuja kulalamika kwamba wameibiwa. Alisema haya bila kujitetea, na nikaona kabisa kwamba yeye mwenyewe hapendi. Ndani ya chumba kile, akasema, kuna ubaridi.

Sijaacha kufikiria jambo hilo tangu siku ile. Chumba kipo, kimejengwa, kina ubaridi, kiko hatua tano kutoka alipolala, na kati yake na mnyama kuna kufuli ambalo tumelifunga sisi watazamaji.

Mengine niliyoyaona nitayapitia haraka. Mbuni wana eneo zuri, vumbi tele la kuogea, na nchi kavu kama yetu wanaiweza. Chatu ana sanduku la kioo ambalo hawezi kujinyoosha ndani yake. Nyani yuko peke yake, jike, amekaa anachambua manyoya ya mkono wake mwenyewe, nywele kwa nywele, kazi ambayo porini hufanyiwa na wenzake. Mama aliuliza tu, "Ndugu zake wako wapi?" Hakuna aliyejibu.

Kwa kobe nilikaa zaidi. Ni ukuta mfupi wa mawe, udongo mtupu, kichaka, na bati chakavu limeegeshwa kwenye mawe kama kibanda. Haukutumika hata mfuko mmoja wa simenti. Kobe mkubwa alikuwa amejichimbia chini ya kichaka, linaonekana gamba la nyuma tu. Wawili wako juani. Mwingine amekaa nusu kivulini, nusu juani, kichwa kikiwa upande wa jua. Yule kijana ndiye aliyelijenga, kwa mikono yake, na hakuna aliyemchorea ramani. Nilimpa mkono. Ukiniuliza mimi banda zuri ni lipi, nitakupeleka pale: mahali ambapo mnyama mmoja amechagua jua, mwingine kivuli, wa tatu hataki kuonekana, na wote wamepata.

Usiku nilimpigia mpwa wangu anayesoma Chuo cha Wanyamapori Mweka. Akaniambia ule mwendo wa fisi unajulikana na umechunguzwa. Mwaka 2003 watafiti wawili, Ros Clubb na Georgia Mason, waliandika kwenye jarida la Nature kwamba wanyama wala nyama ambao porini huzunguka eneo kubwa ndio wanaoteseka zaidi wakifungiwa: ndio wanaotembea hivyo mbele na nyuma, na watoto wao hufa zaidi. Fisi madoa porini anatembea kilomita nyingi kwa usiku mmoja, anaishi kwenye ukoo unaoongozwa na majike, mchana analala pangoni au anajilaza kwenye tope apoe. Kwenye lile banda hana hata kimoja kati ya hivyo.

Nikamwuliza kama mabanda yote duniani ni hivyo. Akanisimulia habari ya Mjerumani Carl Hagenbeck, aliyefungua bustani Hamburg mwaka 1907 akaondoa nondo na kuchimba mahandaki mapana, mtu anamwona simba kama yuko wazi. Kama fundi nililipenda wazo, lakini nikamwambia mpwa wangu: handaki linampendeza aliyekuja kutazama. Simba yeye anauliza kivuli kiko wapi.

Ndipo akanikumbusha chura wa Kihansi, na hapo nilikaa kitandani kabisa. Nilikuwa nimesikia jina tu. Chura huyu mdogo wa manjano, anayezaa watoto hai badala ya kutaga mayai, alikuwa akiishi mahali pamoja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, kule kwenye milima ya Udzungwa, eneo la hekta chache. Bwawa la umeme lilipojengwa maji yakapungua, manyunyu yakakauka. Novemba 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani. Katika bustani za wanyama za Bronx, jijini New York, na Toledo watu walijifunza kuwajengea nyumba: vioo, mimea, taa maalumu, na vinyunyizio vya ukungu usiku na mchana. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Wakabaki wale wa kwenye vioo. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi, ambako nako palikuwa pamefungwa mabomba ya kunyunyiza maji.

Mimi nimejenga nyumba za mawaziri wadogo na za wauza mahindi, na sijawahi kusikia ujenzi ulionigusa kama huo. Waliujenga ukungu wa Udzungwa katikati ya New York, kwa ajili ya kiumbe anayetosha juu ya kidole gumba. Hawakuanza na watazamaji. Walianza kwa kuuliza: huyu anahitaji nini ili aishi?

Kwa hiyo sikubali mtu akiniambia bustani za wanyama zote ni jela. Mwaka fulani nilikuwa na kazi Mwanza nikavuka kwenda Saanane, kisiwa ambacho mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama ya kwanza nchini, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Pimbi wanajianika kwenye majabali, wakikuchoka wanaingia kwenye nyufa. Mahali panaweza kubadilika. Lakini pia sikubali kwamba kwa fisi wetu hakuna la kufanya kwa sababu hakuna pesa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, na kufungua kufuli hakugharimu shilingi.

Jumatatu nilirudi na futi ya kupimia. Nilimwomba meneja dakika kumi, akanipa saa nzima, akatembea na mimi juani. Nilimwandikia karatasi moja. Kwanza, mlango wa chuma uachwe wazi mchana kutwa. Pili, baraza la mita mbili na nusu upande wa magharibi, nguzo za miti na paa la nyasi, ufundi nautoa bure. Tatu, nusu ya zege ivunjwe, zimwagwe tripu mbili za udongo wa kichanga, na ubaki ukingo wa kuweka beseni la tope. Nne, matundu mawili ukuta wa mashariki, upepo uingie. Tano, kibao cha kuwaeleza watu kwamba wakati mwingine hatamwona, na kwa nini. Alisoma mpaka mwisho. Akasema udongo na baraza asubiri bajeti, ila la kwanza na la tano anaweza kuyafanya kesho.

Neema aliandika insha yake. Ameichora khanga ya bibi kwa rangi mbili, nyekundu na nyeusi, na chini yake fisi mdogo. Mwalimu ameweka alama ya vema.

Wiki mbili baadaye, kabla mama hajarudi Bahi, tulikwenda tena, saa ileile. Kibao kipo, kimeandikwa kwa mkono, herufi zimepinda. Mlango wa chuma umeachwa wazi, umezuiwa kwa jiwe. Ndani ni giza. Sakafu yote inawaka jua na haina mtu. Familia moja ilikuwa imesimama pale, mtoto wao amening'inia kwenye kizuizi analia kwamba fisi hayupo, baba yake akimsomea kile kibao polepole.

Mama aliinama, akakinga macho kwa kiganja, akachungulia lile giza kwa muda. Kisha akajifunga khanga vizuri.

"Amelala," akasema. "Twendeni kwa kobe."