p53 na Mdm2 ndani ya jedwali: wiki ya tano, mawimbi yamekubali

Jana usiku, saa nne kasorobo, protini ya p53, ile inayoikinga seli dhidi ya saratani, ilipanda na kushuka mara nane mfululizo bila kufifia katika mfano wa seli nilioujenga kwenye kompyuta yangu mpakato, na kwa kuwa nimelisubiri jambo hili kwa wiki tano, naandika kumbukumbu hii.

Mfumo wenyewe haukubadilika tangu mwanzo. p53 huiwasha jeni ya protini nyingine, Mdm2; Mdm2 huibandika p53 alama za ubikuitini, na proteasomu, mashine ya seli ya kusaga protini, huisaga p53 iliyobandikwa. Mionzi ikiikata DNA, kinasi ya ATM huwaka, fosfati hubandikwa kwenye protini zote mbili, mshiko wa Mdm2 hulegea na p53 hupanda; lakini p53 iliyopanda hutengeneza Mdm2 zaidi, na Mdm2 hiyo huirudisha p53 chini. Katika jedwali langu kuna safu tatu tu, yaani p53, RNA ya Mdm2 (nakala ya jeni inayotumiwa kutengeneza protini) na protini ya Mdm2, kila mstari ni dakika moja, na mistari 2,880 hutoa saa 48. Mionzi nimeiwakilisha kwa kupunguza kasi ambayo Mdm2 huisaga p53. Muda wa kila kimoja kupungua hadi nusu nimeuweka dakika 30.

Nilichokuwa nakitafuta ni kile ambacho watafiti Galit Lahav, Uri Alon na wenzao walikionyesha mwaka 2004 kwa kuzipiga picha seli moja moja za MCF7, zinazotokana na saratani ya matiti na ambazo bado zina p53 nzima. Baada ya mionzi ya gama, p53 katika seli hizo haikupanda tu ikabaki juu. Ilikuja kwa mapigo, na pigo lilifuatwa na jingine baada ya saa kadhaa. Mionzi ilipoongezwa, kimo cha pigo hakikuongezeka na wala upana wake haukuongezeka. Kilichoongezeka ni idadi ya mapigo. Nilipolisoma jambo hilo kwa mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda mrefu. Shangazi yangu, aliyemaliza tiba ya mionzi Mwanza miaka miwili iliyopita, alikuwa ameniuliza mionzi ile inaiambia nini seli, nami, mwalimu wa baiolojia, nilimjibu kwamba inaikata DNA, na nikaishia hapo. Jibu lile halikunitosha mimi, sembuse yeye.

Sasa nieleze tatizo, kwa sababu limenila wiki tatu kati ya hizo tano. Mawimbi yangu yalikuwa yanakufa. Pigo la kwanza lilikuwa zuri, la pili lilikuwa kama nusu yake, la tatu lilionekana kwa kulitafuta, na kuanzia hapo grafu ilinyooka kama ukingo wa meza. Nilibadilisha kasi ya kutengenezwa kwa p53, mstari ukanyooka. Nikabadilisha muda wa RNA kudumu, kutoka dakika 30 hadi 15, kisha 60, na mstari ukanyooka mapema zaidi. Nilitengeneza laha 23 zenye majina ya tarehe, na katika zote 23 seli yangu ilitulia mahali pamoja, jambo ambalo seli za MCF7 hazikulifanya.

Ufumbuzi wa kwanza ulikuwa wa udanganyifu, nami naukiri hapa kwa sababu huenda kuna mwingine anayeutumia bila kujua. Kipeo cha Hill, kile kinachoamua ukali wa jeni kuitikia p53, nilikuwa nimekiweka 4, kwa hoja kwamba p53 huishika DNA zikiwa nne zilizoungana. Nilipokipandisha hadi 12 mawimbi yakaja na yakadumu. Nilifurahi kwa siku mbili. Kisha nikakumbana na hoja ya mtafiti Griffith ya mwaka 1968 kuhusu mfumo wa milinganyo ambao mwenzake Goodwin aliupendekeza mwaka 1965: mzunguko wa mrejesho hasi wenye hatua tatu, ambamo kila kitu huoza kwa uwiano wa wingi wake, hauwezi kutoa mawimbi ya kudumu mpaka kipeo kipite 8. Milinganyo yangu ilikuwa na sura tofauti kidogo, kwa kuwa Mdm2 yangu huisaga p53 badala ya kuizuia isitengenezwe, lakini nilipoikokotoa kwa kalamu karibu na mahali pa kutulia nilikuta sharti lilelile: 8. Kipeo cha 12 kingemaanisha kwamba jeni moja inasubiri p53 kumi na mbili zishikamane kabla ya kuitikia, na hakuna kitu cha namna hiyo kwenye DNA. Nilikirudisha 4 siku hiyohiyo, na mstari ukanyooka tena.

Jambo lililonivunja moyo halikuwa kushindwa, bali kushindwa kwa hesabu sahihi, maana hesabu ilikuwa inaniambia wazi kwamba kwa hatua hizi tatu na kipeo hiki hakuna thamani yoyote itakayofaa, na kwamba laha zote 23 zilikuwa zinazunguka ndani ya chumba kisicho na mlango.

Mlango ulifunguka kwa kosa. Juzi umeme ulikatika hapa Mwanga nikiwa katikati ya kupanga upya jedwali, kwa kuwa nilitaka kuongeza saa moja ya utulivu kabla ya mionzi. Nilikuwa nimeikata safu ya RNA na kuishusha mistari 60. Betri ya mashine yangu haidumu hata dakika kumi, hivyo nikahifadhi na kufunga. Jana niliporudi nilisahau nilipoishia, nikaandika upya fomula za p53 na Mdm2 kuanzia juu, lakini safu ya RNA nikaiacha ilivyokuwa. Wanaotumia majedwali wanajua kitakachofuata: safu iliyokatwa na kuhamishwa huendelea kuvisoma visanduku vilevile vya zamani. RNA ya dakika ya 61 ilikuwa inaisoma p53 ya dakika ya 1, RNA ya dakika ya 300 ilikuwa inaisoma p53 ya dakika ya 240, na kuendelea hivyo hadi chini.

Grafu ilipochorwa nilidhani nimelifungua faili la kipeo cha 12. Nilikiangalia kisanduku cha kipeo: 4. Nikafuta grafu, nikaichora upya, na mawimbi yakarudi, kila moja likiwa umbali wa saa 5 na dakika 40 hivi kutoka kwa mwenzake. Ilinichukua karibu nusu saa kuliona kosa, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe cha kulisahihisha nilipotambua kwamba jedwali lililokosewa lilikuwa kweli zaidi kuliko lile sahihi.

Maana ni nini kilichokuwa kinakosekana? Muda wa safari. Katika milinganyo yangu ya zamani, p53 ikishaigusa jeni, RNA huongezeka papo hapo. Ndani ya seli haiko hivyo. Jeni ya MDM2 ya binadamu ina urefu wa zaidi ya herufi 30,000, na kimeng'enya kinachoinakili DNA kuwa RNA, kikienda herufi 2,000 kwa dakika, kinahitaji robo saa kuimaliza. Baada ya hapo RNA hukatwa na kuungwa, hutolewa nje ya kiini, husomwa na ribosomu, na protini inayotoka hujikunja na kurudi kiinini ilipo p53. Wakati huo wote p53 inaendelea kupanda kwa sababu mtu wa kuizuia bado yuko njiani, na akishafika anafika na wenzake wengi walioitwa zamani, kwa hiyo anaishusha kupita kiasi. Kupanda kupita kiasi na kushuka kupita kiasi, hilo ndilo wimbi.

Kabla ya kulala nilijaribu thamani tatu. Kuchelewa kwa dakika 20, mawimbi yalikufa. Dakika 40, yalichukua muda mrefu lakini yalikufa. Dakika 60, hayakufa. Mpaka uko mahali fulani baada ya 40, na kalamu inasema 43.

Leo asubuhi nilimwonyesha mwalimu mwenzangu wa fizikia, ambaye hapendi kitu kinachotokea kwa bahati. Aliitazama grafu, akasema, "Hongera, Mwalimu. Lakini dakika 60 hizi umezitoa wapi? Isije ikawa umekitoa kipeo cha 12 ukakiweka kwenye mfuko mwingine." Ni swali la haki, na nimelishughulikia mchana kutwa. Nimekubali kwamba 60 ni nyingi kwa safari peke yake. Hata hivyo kulikuwa na urahisishaji mwingine ambao sikuwa nimeuhoji: nilikuwa nimechukulia kwamba Mdm2 haichoki, yaani p53 ikiwa mara mbili, husagwa mara mbili. Kimeng'enya hakifanyi hivyo. Kikishajaa kazi hulemewa, na kasi yake haiongezeki tena kwa uwiano. Nilipoandika usagaji unaolemewa, na kuiweka p53 ya kawaida kwenye kiwango kinachomfanya Mdm2 afanye kazi kwa nusu ya uwezo wake, dakika 30 zilitosha kuyafanya mawimbi yadumu. Mwenzangu amezikubali dakika 30. Amesema bado ataziuliza kesho.

Kuhusu vifaa, nina neno moja la kusema. Kwa miezi nimeambiwa kwamba kutumia jedwali la LibreOffice kwa kazi ya namna hii ni utoto, na kwamba niandike kila kitu kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Nimejaribu. Kitatuzi cha milinganyo kilichomo kwenye SciPy, maktaba ya hesabu ya Python, ambacho ndicho kila mtu anakielekeza, hakipokei milinganyo yenye kuchelewa, hivyo unalazimika kujitengenezea hifadhi ya thamani zilizopita na kuihesabia nafasi kwa uangalifu. XPPAUT, programu ya kutatua milinganyo iliyotengenezwa na Bard Ermentrout, inaipokea vizuri, ni nyepesi, inafanya kazi hata kwenye mashine kuukuu, nami naiheshimu, ingawa kuvizoea vidirisha vyake kunahitaji subira. Lakini katika jedwali, kuchelewa kwa dakika 30 ni kuandika jina la kisanduku kilichoko mistari 30 juu, basi. Unaweza kuweka kidole kwenye kioo ukamwonyesha mwanafunzi wa kidato cha tatu: hii RNA hapa inaisikiliza p53 ile pale. Sijaona programu nyingine inayouonyesha muda kwa macho namna hiyo.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kuweka nutlini, ile molekuli iliyotangazwa mwaka 2004, ambayo hujipachika kwenye mfuko wa Mdm2 mahali ambapo p53 huingiza asidi amino zake tatu, fenilalanini ya 19, triptofani ya 23 na lusini ya 26. Nimeuahirisha, kwa sababu alasiri hii wazo jingine liliniteka, nalo linahusu laha zangu 23.

Mwaka 2000, kabla ya zile picha za seli moja moja, kundi lililomjumuisha Alon huyohuyo lilipima p53 kwa kuzisaga seli nyingi pamoja na kuangalia utepe wa protini saa baada ya saa, na walichokipata kilikuwa mawimbi yanayofifia, yaani kitu kinachofanana sana na mchoro wangu ulioninyima usingizi. Nikajiuliza kama mawimbi yanaweza kufifia kwenye wastani ilhali hayafifii ndani ya seli yoyote. Nimejenga seli 50, kila moja ikiwa na safu zake tatu, na kila moja nimeipa muda wake wa kuchelewa kati ya dakika 30 na 45 uliochaguliwa kwa bahati nasibu. Mashine imelalamika, imechukua karibu dakika nne kukokotoa, lakini imemaliza. Nilizifungua seli moja moja, ya 1, ya 17, ya 38: zote zinapiga hadi saa ya 48 bila kuchoka. Kisha nikachora wastani wa zote 50. Pigo la kwanza ni kubwa, la pili limepungua na kutanuka, la tatu ni dogo zaidi, na baada ya hapo ni mstari uliokaribia kunyooka, kwa sababu kufikia wakati huo baadhi ya seli ziko kileleni huku nyingine ziko bondeni, na zikijumlishwa zinafutana.

Nimeziweka grafu hizo mbili kando kando kwenye laha moja. Upande wa kushoto ni seli ya 17, upande wa kulia ni wastani, na namba zilizozitengeneza ni zilezile. Mtu aliyepewa mchoro wa kulia peke yake angeandika, kwa nia njema kabisa, kwamba seli hizi huitikia mionzi mara mbili au tatu kisha hutulia. Kwa mgonjwa tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa mwaka 2012 maabara ya Lahav ilionyesha kwamba seli zilizoachwa ziendelee na mapigo yao ziliweza kupona na kurudi kugawanyika, ilhali zile ambazo p53 yao ilishikiliwa juu kwa nutlini iliyotiwa kwa vipindi maalumu ziliacha kugawanyika na kuingia uzee wa seli.

Laha ya nutlini ina kichwa tu kwa sasa. Nimeandika kwenye kisanduku cha kwanza saa ambayo dawa itaingia, nikaacha nafasi ya kiwango chake, na nimeihifadhi nakala ya faili kwenye simu kwa sababu taa zimeanza kufifia. Kesho baada ya vipindi nitakwenda kwa shangazi na grafu ya seli ya 17 ikiwa imechapishwa.