Tairi za Swift Sport: tafuta inayodumu, ila usikimbilie namba kubwa

Kila nikiweka picha ya kale kagari kangu lazima atokee mtu aniulize, kaka umevaa tairi gani na zinakaa? Haya, leo najibu mara moja kwa wote, vuta kiti.

Gari ni Suzuki Swift Sport, ile ya kodi ZC32S, rimu 17, saizi 195/45R17, yaani upana milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 45 ya huo upana, rimu ya inchi 17. Naishi Malindi, kazi iko Kilifi, kwa hivyo ni Gede, Mida, Matsangoni, Tezo, kwenda na kurudi, ukitia na safari za Mombasa inapita kilomita elfu mbili kwa mwezi kirahisi. Nataka vitu viwili ambavyo havipatani: tairi ikae, na gari isipoteze ule utamu wake ukikata kona.

Zile nilizozitoa zilikuwa za spoti kabisa, ubavuni zimeandikwa TREADWEAR 140. Wengi wetu tunamiliki gari miaka na hatujawahi kuchutama tukasoma ubavu wa tairi, tunaangalia saizi na bei basi. Hiyo namba ya TREADWEAR inaonyesha tairi inavyostahimili kulika, ni mfumo wa Marekani, tairi inakimbizwa barabarani huko Texas kama kilomita 11,600 ikipimwa sambamba na tairi ya kipimo ambayo yenyewe ni 100, sasa ikiandikwa 200 maana yake huko kwenye majaribio imelika nusu ya ile ya kipimo, 400 robo. Kwa hivyo 140 ni mpira laini, unanata vizuri lakini unaliwa. Ili upate picha, Michelin Pilot Sport 4S ambayo nayo ni ya spoti ina 300, CrossClimate 2 ya kampuni hiyohiyo ina 640. Lakini tulia hapo, usichukue kalkuleta. Namba hii kampuni inajiandikia yenyewe, 500 ya huyu si lazima iwe 500 ya yule, inasaidia zaidi ukilinganisha tairi za kampuni moja. Na nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani au Ulaya hazina kabisa, usimgombeze muuzaji bure.

Pembeni yake kuna TRACTION, hiyo ni jinsi inavyosimama kwenye lami iliyolowa, inaanzia AA halafu A, B, C, na TEMPERATURE ambayo ni uwezo wa kuvumilia joto, A mpaka C. Mimi kwenye joto sishuki chini ya A na sitaki mjadala, wewe panda barabara ya Kilifi saa nane mchana mwezi wa pili, kaskazi imetulia hakuna hata upepo, halafu shika tairi ukifika uone.

Sasa mbona nisichukue tu ile ya 700 nikasahau mambo ya tairi miaka? Kwa sababu mpira mgumu mara nyingi unadumu kwa kukunyima mshiko, na kwetu siku mbaya ni ile mvua ya kwanza ya masika, vumbi na mafuta ya miezi mizima vimelala kwenye lami halafu maji kidogo tu, kuna sehemu lami imeshasuguliwa inang'aa, mbele yako matatu imesimama ghafla kushusha mtu. Hapo hakuna atakayekuuliza tairi yako ina maisha ya kilomita ngapi. Kwa hivyo nikatafuta katikati, tairi za aina ya touring, yaani za safari za kawaida, namba inayocheza kwenye 400 hivi, traction A. Kwenye kona zinachelewa kidogo kuitikia usukani kuliko zile za spoti, siwadanganyi, lakini kikomo cha spidi cha gari ndogo Kenya ni kilomita 110 kwa saa na hiyo ni kwenye barabara ya njia mbili mbili, mimi na nyinyi tunashindana na nani? Kwa mantiki hiyohiyo sikulipia herufi W ya spidi, yaani spidi ya juu ambayo tairi inahimili, hiyo ni 270, V ni 240 na H ni 210. Ila angalia kitabu cha gari kwanza kinataka ngapi, usishuke ovyo.

Kuna kitu kingine nataka kukipigia kelele. Gari zetu zinatoka Japani, na nyingine zinashuka melini na tairi za theluji. Wallahi. Ukiona ubavuni STUDLESS, yaani ya theluji isiyo na misumari, au kamchoro ka mlima kenye nyota ya theluji ndani na meno yamekatwakatwa vimistari vyembamba vingi, nyingi za hizo ni mpira laini wa kushika barafu, na Malindi barafu iko kwenye glasi ya juisi tu. Kwa joto hili zinayeyuka. Muuzaji atakwambia ona meno bado mapya haya, ni kweli mapya, we subiri. Na soma tarehe, baada ya herufi DOT mwisho kuna namba nne, 1824 ni wiki ya 18 ya mwaka 2024, kwa sababu tairi inaweza kuwa haijagusa barabara lakini imekaa nje ya duka inapigwa jua mpaka mpira umekufa.

Saizi nayo nilibadilisha, na hapa najua kuna watakaonuna. 195/45 kwenye rimu 17 ubavu wake ni kama sentimita 8.8 tu, shimo moja la maana au kona ya jiwe kwenye zile daivashoni za ujenzi kule upande wa Mtwapa na tairi inatoa uvimbe ubavuni, hiyo haizibwi, ni ya kutupa hata kama ina meno mazima. Tairi inayodumu isipopasuka inanisaidia nini. Nikateremka rimu 16 na 195/50R16. Piga hesabu: kimo cha ya kwanza ni milimita 607, ya pili 601, tofauti haifiki asilimia moja, spidomita haidanganyi kwa kitu cha kusemwa, na ubavu umeongezeka karibu sentimita moja. Hakikisha tu rimu inapita kwenye kalipa za breki, zile zinazobana diski, na namba ya uzito isiwe chini ya ile ya zamani. Kwangu ilikuwa 81 ambayo ni kilo 462 kwa tairi, hizi ni 84, kilo 500. Uzuri kwenye picha umepungua, nakubali.

Ila haya yote ni bure alaimenti, yaani jinsi magurudumu yalivyonyooshwa, ikiwa mbovu. Fundi wangu ni mzee fulani hapa mjini, hana haraka na mtu, nilipompelekea zile za zamani hakuzipima na chochote, alipitisha kiganja juu ya meno kutoka ndani kwenda nje, kimya, halafu akarudisha kutoka nje kwenda ndani, akanishika mkono akanipitisha mimi. Upande mmoja laini, ukirudi inakwaruza kama tupa. "Mwanangu, hii haijaisha kwa kutembea, hii imeburutwa." Yaani tairi za mbele hazikuwa zinaangalia sawasawa, kila kilomita gari inazikokota kidogo ubavu. Ukiona imelika ukingo wa ndani tu huku nje kuna meno tele, ni mambo hayohayo au gari imeshushwa springi. Alaimenti bei yake haifiki hata nusu ya tairi moja, na watu wanairuka! Na kwa vile gari hizi injini inavuta mbele, za mbele zinaisha kwanza, zungusha mbele na nyuma kila kilomita elfu nane au kumi hivi.

Bei sasa. Niliambiwa elfu tisa kwa zile za bei nafuu na elfu kumi na nne kwa nilizochukua, kila moja. Tuseme ya elfu tisa inakupa kilomita 30,000, hiyo ni senti 30 kwa kilomita, ya elfu kumi na nne ikikupa 55,000 ni kama senti 25. Gawanya hivyo kabla hujaanza kupunguza bei, muuzaji mwenyewe atashangaa.

Zikishafungwa usizikamie siku ya kwanza, mpya zinateleza kidogo mpaka ngozi ya juu itoke. Presha pima asubuhi gari haijatoka, ufuate ile stika ya mlango wa dereva. Ukifika petroli steshini ya Kilifi tairi imechemka itasoma juu, kijana wa upepo atataka kuipunguza, mwambie aache.